Kutoka filamu na uchapishaji kwenda usanifu na teknolojia: kinachohamishika na kisichohamishika

Mleta uzi

Wadau, salaam.

Kila mara mtu wa filamu au wa vitabu anapouliza namna ya kuhamia katika usanifu wa bidhaa za kidijitali, majibu anayopewa hufanana: ajifunze programu fulani ya kuchora skrini, aandae jalada la kazi (mkusanyiko wa kazi zake za mfano), kisha aanze kuomba nafasi. Ushauri huo si mbaya, lakini unaliruka jambo ambalo, kwa maoni yangu mimi niliyehariri vitabu na baadaye filamu za hali halisi kabla ya kuhama, ndilo linalowakwamisha wengi hata baada ya kupata kazi. Jambo lenyewe ni kwamba kazi tulizotoka zina mwisho, na kazi tunazoziendea hazina.

Tazameni jinsi kitabu kinavyotoka. Mswada huhaririwa, prufu husomwa, kurasa hufungwa, faili hupelekwa kwa mpiga chapa, na kuanzia hapo kosa lililosalia limesalia katika nakala zote. Filamu nayo ina siku yake ya kufunga picha, ambapo mwongozaji na mtayarishaji hukubaliana kwamba hakuna fremu itakayosogezwa tena, ili watu wa sauti na wa rangi wafanye kazi yao juu ya msingi usiotikisika. Malezi yetu yote yamejengwa kuizunguka siku hiyo. Tumefundishwa kuficha rasimu, kutomwonyesha mtu wa nje kazi isiyokamilika, na kuuhesabu ukamilifu kuwa ndiyo heshima tunayompa msomaji au mtazamaji.

Katika programu siku hiyo haipo. Toleo la kwanza hutolewa likiwa na upungufu unaojulikana, watu hulitumia, mwenendo wao hutazamwa, na toleo linalofuata huanza kuandaliwa kabla hata la kwanza halijawafikia wote. Msanifu huonyesha michoro yake ingali ya penseli, kwa sababu mchoro uliokwisha kupambwa huwatia watu haya ya kuukosoa. Jakob Nielsen, ambaye jina lake hutajwa sana katika fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba kuujaribu muundo kwa watumiaji watano tu hufichua sehemu kubwa ya matatizo yake, na kwamba majaribio madogo kadhaa yana faida kuliko jaribio moja kubwa. Kwa mhariri, kumpa msomaji sura iliyoandikwa nusu ili amtazame anapokwamia ni jambo lililo karibu na utovu wa adabu. Hapa ndiyo kazi yenyewe.

Mtu aliyeuvuka mpaka huu mapema, na ambaye ningependa wanaohama wamfahamu, ni Muriel Cooper. Mwaka 1967 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa usanifu wa MIT Press, shirika la uchapishaji la chuo cha MIT nchini Marekani, naye ndiye aliyekuwa ameisanifu nembo ya shirika hilo, ile ya mistari saba ya wima. Wakati huo kompyuta haikuwa chombo cha msanifu wa vitabu. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1970 alishiriki kuanzisha karakana ndani ya MIT iliyochanganya uchapaji na kompyuta, na mwaka 1985 akawa miongoni mwa walimu waasisi wa Media Lab, maabara ya chuo hicho ya vyombo vya mawasiliano na teknolojia. Mwaka 1994, muda mfupi kabla ya kufariki dunia, alionyesha hadharani maandishi yanayoelea katika nafasi ya pande tatu, ambayo msomaji aliweza kusafiri ndani yake badala ya kufungua kurasa. Kilichomvuta, kama kazi zake zinavyoonyesha, ni hamu ya kulifupisha pengo kati ya kubuni na kuzalisha, yaani kuliondoa lile lango tunalolifunga siku faili linapoondoka. Ujuzi wake wa ukurasa, wa kipi kisomwe kwanza na kipi kisubiri, alihama nao.

Naomba michango, hasa ya waliokwisha kuhama, kuhusu kile walichokwenda nacho na kile kilichowabidi kukiacha.

Kalamu Nyekundu

Ndugu mleta uzi, nakubaliana na hoja ya mwisho usiokuwepo, ila umeupaka uchapishaji rangi moja. Mwongozo wa mtindo wa Chuo Kikuu cha Chicago ulitoka mwaka 1906, na toleo lake la 18 limetoka mwaka 2024. Kamusi, vitabu vya kiada na vya sheria hurekebishwa maisha yao yote. Mhariri aliyefanya kazi katika vitabu vya aina hiyo anajua kutunza orodha ya masahihisho ya toleo lijalo, anajua kwamba badiliko la ukurasa wa 40 linaweza kuivunja faharasa, na kwa hiyo hatashangazwa na maisha ya programu. Anayeshangaa ni mhariri wa riwaya.

Mimi nilikuwa mhariri wa lugha, na sasa ninaandika maneno ya ndani ya programu: vitufe, maelekezo, ujumbe wa hitilafu. Kazi hii wengi huipuuza kwa kuwa ni maneno machache, ilhali uchache wenyewe ndio ugumu. Mtu aliyekuwa akilipa akaona maandishi "Hitilafu imetokea" hajui kama fedha zake zimekwenda. Akisoma "Malipo hayajafanyika na fedha zako hazijakatwa. Tafadhali jaribu tena" anajua la kufanya, na simu moja ya malalamiko imeepukwa. Hakuna ubunifu mkubwa hapo. Kuna swali ambalo mhariri yeyote huliandika pembeni mwa mswada: msomaji akifika hapa, anajua nini na anataka kujua nini?

Nitoe mfano mmoja wa lugha yetu, kwa sababu wahandisi mara nyingi hawauoni. Hupenda kuandika sentensi yenye nafasi wazi, kisha kompyuta ijaze jina la kitu: nafasi, halafu neno "imefutwa". Kwa picha sentensi inakubali. Lakini ujumbe umefutwa, kikundi kimefutwa, jina limefutwa, na anwani zikiwa nyingi zimefutwa. Sentensi ya kiolezo haiwezi kuzibeba ngeli zote, kwa hiyo ama kila kitu kipewe sentensi yake, ama sentensi ijengwe upya ili kitenzi kisitegemee ngeli ya kitu kilichotajwa. Nimewaona wahandisi hodari wakinyamaza wanapooneshwa hili, kisha wakarudi kulirekebisha kwenye msingi badala ya kuziba viraka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyetoka katika uhariri asiingie kwa kuomba radhi.

Mtunza Mwendelezo

Nimefanya kazi ya kutunza mwendelezo kwenye seti za filamu kwa miaka mingi, na sasa ninapima programu kabla hazijatolewa. Naleta mchango wangu kwa sababu kila ninaposoma habari za watu wa filamu waliohamia teknolojia, wanaotajwa ni waongozaji na wapigapicha, kana kwamba sisi wengine tulikuwa tunabeba viti.

Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Onyesho la mwisho linaweza kupigwa siku ya kwanza kwa sababu ya mahali au mwanga, kwa hiyo lazima awepo mtu anayekumbuka kwamba mwigizaji alishika kikombe kwa mkono wa kulia, kikiwa nusu, kola ikiwa imekunjwa upande mmoja, na kwamba neno la tatu la sentensi ndipo alipogeuka. Mtu huyo huandika yote hayo kwa namna ambayo mhariri wa filamu, ambaye hakuwepo kwenye seti, ataelewa miezi baadaye.

Kupima programu ni kuuliza maswali ya aina hiyohiyo. Mtumiaji alikuwa ameingia kwenye akaunti yake, akajaza nusu ya fomu, mtandao ukakatika, akageuza simu upande, akapokea simu ya mtu, akarudi: je, aliyoyaandika yapo? Kitufe bado kinasema kile kilichokuwa kikisema? Kiasi cha fedha kwenye skrini ya tatu kinalingana na cha skrini ya kwanza? Ripoti nzuri ya hitilafu ina hali ya mwanzo, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa na kilichotokea, na mtu aliyezoea kuandika taarifa za seti hahitaji kufundishwa zaidi ya jina la chombo cha kuziingizia. Alichonifundisha mwenzangu mmoja ni jambo la mtazamo tu. Kwenye seti nilikuwa nikizuia kosa lisitokee. Hapa nalazimika kulitafuta kwa makusudi, nikijifanya mtumiaji mwenye haraka, asiyesoma maelekezo na mwenye vidole vizito.

Niongeze kuhusu wahariri wa filamu. Mtu aliyekaa miaka akihesabu fremu 24 kwa sekunde ana hisia ya muda ambayo wasanifu wengi hawana. Fremu moja ni kama milisekunde 42. Skrini nyingi za simu na kompyuta huchora picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya takriban milisekunde 17. Wanaochunguza matumizi ya kompyuta wamekuwa wakifundisha kwa miongo mingi kwamba jibu linalokuja ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde huonekana kuwa la papo hapo, kwamba sekunde moja ndiyo mpaka wa mawazo kutokatika, na kwamba kufikia sekunde kumi mtu ameshageukia jambo jingine. Mhariri wa filamu hahitaji jedwali hilo. Mpeni dirisha linalofunguka polepole mno, atawaambia ni fremu ngapi zipunguzwe, na mara nyingi atakuwa sahihi.

Mhandisi wa Zamu

Nisamehewe nikiwa mkali kidogo. Nimefanya kazi na watu kadhaa waliotoka kwenye filamu, na nimechoshwa na neno moja: hadithi. Kila skrini ni hadithi, kila fomu ni safari ya mhusika mkuu. Mtu anayefungua programu ili alipe bili hakuja kutafuta hadithi. Anataka kulipa na kuondoka, na kadiri anavyotukumbuka kidogo ndivyo tulivyofanya kazi vizuri. Mwongozaji amezoea mtazamaji aliyekaa gizani, aliyekata tiketi na kukubali kuongozwa. Mtumiaji wetu yuko kwenye foleni, jua linapiga skrini, na amekasirika kabla hajatufikia.

La pili ni mamlaka. Kwenye filamu, mabishano yakizidi, mwongozaji huamua. Kwetu msanifu anaweza kuwa na hoja nzuri na ladha nzuri, kisha majaribio yakaonyesha kwamba watu hawakioni kitufe chake, na mjadala ukaishia hapo. Wapo walioondoka kwa sababu hiyo, na siwalaumu.

Kuhusu kujifunza kuandika msimbo, ambalo huulizwa kila siku, jibu langu ni kwamba msanifu hahitaji kuwa mhandisi, lakini azielewe HTML na CSS, yaani lugha zinazoeleza muundo na mwonekano wa kurasa za wavuti, kiasi cha kujua kipi ni rahisi na kipi ni ghali. Hapa watu wa vitabu wana undugu wa damu na sisi, ingawa hawaujui. Mwaka 1969 watafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM walitengeneza GML, lugha ya kuweka alama kwenye nyaraka ili kichwa cha habari kitambulike kuwa kichwa cha habari bila kujali kitachapwa kwa herufi gani. Kutokana nayo ikaja SGML, iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, na HTML ikajengwa kwa mfano wake. Hata kitabu pepe cha EPUB, ukikifungua ndani, ni kurasa za aina ya HTML na faili za CSS zilizofungwa kwenye furushi moja. Mhariri aliyewahi kuandaa mswada kwa mitindo ya vichwa, nukuu na orodha, badala ya kukoleza maandishi kwa mkono, ameshaielewa nusu ngumu ya jambo hili. Iliyobaki ni tahajia.

Kalamu Nyekundu

Ndugu Mhandisi, kuhusu hadithi umesema kweli na umenichekesha. Ila usiyafunge macho kwa watu wa manukuu, wale wanaoandika maneno ya chini ya picha. Wamezoea mistari isiyozidi miwili, takriban herufi 42 kwa mstari, na muda ambao jicho linahitaji kuyasoma kabla picha haijabadilika. Miongozo ya WCAG, ambayo ndiyo kipimo cha ufikivu wa tovuti kwa watu wenye ulemavu, inadai manukuu kwenye video zilizorekodiwa, inataka mwachano wa rangi (utofauti wa mng'ao) wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake, na inakataza kitu kumulika zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja, kwa kuwa huweza kuwasababishia baadhi ya watu kifafa. Yote haya mtu wa manukuu au wa rangi ameyaishi. Mashirika mengi yanatafuta wajuzi wa ufikivu, na sijaona mlango ulio wazi zaidi kwa watu wetu.

Mhariri Mkuu Anayesita

Nawashukuru nyote. Swali langu ni la heshima na la cheo, na nitaliuliza waziwazi. Ninaongoza idara ya uhariri, vijana wananiita mwalimu, na jina langu limo katika kurasa za shukrani za vitabu vingi. Nikihama nitakuwa mwanagenzi chini ya mtu aliyezaliwa nilipokuwa tayari nasahihisha prufu. Je, hilo linaepukika? Na jalada la kazi nilijaze nini, ikiwa kazi yangu nzuri kuliko zote ni ile isiyoonekana?

Mleta uzi

Mwalimu, nianze na jina, kwa sababu watu hawalisemi. Filamu ina orodha ya majina mwishoni, hata ya dereva. Kitabu kina ukurasa wa haki na ukurasa wa shukrani. Programu nyingi hazina kitu kama hicho, na utakachokifanya mwaka huu kinaweza kubadilishwa mwaka ujao na mtu asiyejua kwamba uliwahi kuwepo. Wengine huona hilo ni ukombozi. Wengine huumia kwa muda mrefu, na nadhani ni vyema ujipime kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Cheo hakiepukiki kabisa, lakini hupunguzwa makali na uchaguzi wa mlango. Paul Brainerd alikuwa mtu wa magazeti, kisha akafanya kazi katika kampuni ya mifumo ya kompyuta ya magazeti, na mwaka 1984 akaanzisha Aldus, iliyotoa PageMaker mwaka 1985. Programu hiyo, pamoja na printa ya leza ya Apple na PostScript ya Adobe, lugha ya kuielezea printa ukurasa, ndiyo iliyowawezesha watu kupanga kurasa mezani kwao. Photoshop, programu ya kuhariri picha iliyotoka mwaka 1990, ilitengenezwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na huyu John alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya madoido ya filamu. Wote walitengeneza kitu kwa ajili ya watu waliowafahamu. Mhariri mkuu anayeomba nafasi katika kampuni ya michezo ya simu ni mwanagenzi kweli. Akiomba katika kampuni inayotengeneza programu ya kusomea vitabu, ya kusimamia miswada au ya kuhifadhi nyaraka, anaingia akiwa na ujuzi ambao wasanifu wa huko huwabidi kuutafuta kwa mahojiano.

Mwangalie pia Matthew Carter. Alianza kazi miaka ya 1950 kwa kujifunza kuchonga herufi za chuma nchini Uholanzi. Mwaka 1978 herufi zake za Bell Centennial, zilizotengenezwa kwa ajili ya vitabu vya namba za simu, zilikuwa na pengo dogo kwenye maungio ili wino ukisambaa katika karatasi hafifu ulijaze bila kuliharibu umbo. Mwaka 1996 zikatoka Verdana na Georgia, alizozisanifu kwa ajili ya skrini za Microsoft, na katika Verdana alianza na vijidoti vya skrini vyenyewe, ndipo akachora mikunjo ya kuvifuata. Chuma, wino, kisha nuru. Hakuna mahali alipoutupa ujuzi wa awali. Kila mara aliuliza nyenzo mpya inaharibu nini, akasanifu kuanzia kwenye uharibifu huo.

Sasa jalada la kazi. Mtu wa filamu huleta video fupi ya vipande vyake vizuri, na wewe utashawishika kuleta majalada ya vitabu vilivyouzwa sana. Wanaoajiri wasanifu hutaka kuona uamuzi ulivyofikiwa, yaani tatizo lilikuwa nini, njia zipi zilijaribiwa, kwa nini moja ilitupwa na nani aliithibitisha iliyobaki. Wewe unazo rasimu hizo kwa wingi kuliko msanifu yeyote kijana, ila umezoea kuzificha. Chukua kitabu cha kiada ulichokipanga upya kwa sababu walimu walikuwa wakipotea ndani yake. Onyesha faharasa ya zamani na mpya, eleza uliwasikiliza akina nani na ulibadilisha nini baada ya kuwasikiliza, na uombe ruhusa ya mwandishi na ya mwajiri wako kabla hujaonyesha ukurasa wowote. Kisha ongeza kazi moja ndogo ya skrini iliyojaribiwa kwa watu halisi, hata ikiwa ni fomu tu, pamoja na yale waliyoshindwa kuyafanya.

Akili mnemba siiachi pembeni kwa kuikwepa. Imegusa pande zote mbili. Waandishi wa filamu wa Marekani waligoma kuanzia Mei hadi Septemba 2023, matumizi yake yakiwa miongoni mwa madai yao, na kampuni kubwa za teknolojia zilikuwa zikipunguza wafanyakazi kwa maelfu kuanzia mwishoni mwa 2022. Anayehama kwa kudhani anakwenda penye utulivu atakuwa amekosea anwani.

Na utakapoitwa kwenye usaili, usingoje kuulizwa tu. Waombe wakueleze mara ya mwisho ambapo majaribio ya watumiaji yalipingana na rai ya mkubwa wao, na kilichofuata. Wakikupa kisa kamili, chenye ubishi na uamuzi ndani yake, ujue pana kazi ya usanifu. Wakikujibu kwamba hawana muda wa majaribio, hapo wanatafuta mpambaji wa skrini, na kwa cheo ulichonacho sasa sioni sababu ya kuikubali nafasi hiyo.